Mbona Pati 2 Haina Utamu?

Naomba nianze na umbea wangu mwenyewe kabla sijafika kwenye sinema. Mwezi uliopita nilipigiwa simu na mwanaume ambaye namba yake niliifuta mwaka 2019. Kwenye simu ilifutika, kichwani ilikataa, kwa hiyo zilipotokea tu tarakimu tatu za mwisho nikajua ni nani. Alikuwa amerudi Dar es Salaam kutoka Mwanza, na alikuja na wazo lake limeshaiva. Twende Bagamoyo. Hoteli ile ile, chumba kile kile kama kiko wazi, pweza wa jioni, Kaole asubuhi. "Kama mara ile," akasema, na sauti ikashuka kidogo, ile sauti ninayoijua.

Mara ile ilikuwa 2014. Siku mbili tu, lakini kwa miaka iliyofuata, kila tulipogombana, mmoja wetu alikuwa anazitoa zile siku mbili kama mtu anavyotoa cheti cha kuzaliwa.

Sasa ona mambo yalivyo. Asubuhi ya siku hiyo hiyo, kwenye kikao chetu cha wahariri, nilikuwa nimejitwisha makala ya sinema ya mwezi huu: kwa nini filamu iliyotupagawisha, ikitolewa sehemu ya pili, mara nyingi inatuangusha. Nikamwambia nitafikiria. Nikakata simu, nikafungua kompyuta, nikaandika kichwa cha habari mnachokiona hapo juu, na nikakaa nacho nusu saa nzima bila kupata mstari wa pili.

Stelingi aliyelia

Mimi ni mtoto wa Bagamoyo, Magomeni. Chuo kikuu nilisoma mawasiliano, na somo la filamu lilikuwemo, lakini elimu yangu ya sinema niliipata mapema zaidi, kwenye kibanda umiza jirani na nyumbani. Kuta za mabati, mabenchi, televisheni moja juu ya kabati, deki, na joto. Lile jina halikuja hivi hivi. Ukitoka pale mgongo unauma na nguo zimelowa. Mlangoni palikuwa na ubao wa chaki: Rambo Pati 2. Komando. Anakonda. Hakuna aliyeuliza jina la mwongozaji.

Jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima ni kwamba sisi hatukuwa tunaona filamu kwa mpangilio. Mkanda ulioletwa kutoka Kariakoo ndio uliochezwa. Kwa hiyo Rambo wangu mimi, na nadhani wa wengi wenu, ni yule wa 1985, kifua wazi, kitambaa kichwani, anarudi Vietnam kuwakomboa mateka na kuteketeza kila kilichosimama. Miaka mingi baadaye ndipo nikaiona First Blood ya 1982, na nikadhani nimeuziwa mkanda siyo. Rambo huyu alikuwa askari aliyerudi kutoka vitani moyo umeharibika. Anatembea kwa miguu kumtafuta rafiki yake wa jeshini, anaambiwa alishakufa kwa kansa. Anaonewa na polisi wa mji mdogo kwa sababu tu hawakuipenda sura yake. Na mwishoni anakaa chini, analia. Stelingi analia! Kule kibandani wangedai hela yao.

Kwa hiyo kabla sijazilaumu sehemu za pili, nikiri kitu kimoja: ile "ya kwanza" tunayoililia mara nyingi siyo iliyotengenezwa kwanza, ni tuliyoiona kwanza, tukiwa na umri fulani, tumebanana na watu fulani. Pamoja na hayo, kwa akili zangu za leo, First Blood ni filamu na ile ya pili ni fataki. Ya kwanza ina swali: kijana uliyemfundisha kuua, akirudi nyumbani utamfanya nini? Machozi yale yakishamwagika, swali limekwisha. Waliotaka kuendelea ilibidi waliache swali wabaki na misuli.

(Wenye kumbukumbu watasema mbona Pati 2 za kibandani zilinoga tu. Zilinoga kwa sababu ya watafsiri. Mtu kama Lufufu, jina lake halisi Derek Mukandala, hakuwa anatafsiri maneno tu; alikuwa anaisimulia picha upya kwa Kiswahili chake, anaweka chumvi, anaweka pilipili. Filamu inaweza kujirudia, lakini Lufufu hakujirudia.)

Umeme uliozimwa

Nilikwenda. Msinihukumu. Tulitoka Mwenge Jumamosi saa 3 asubuhi, Tegeta, Boko, Bunju, tukavuka Mto Mpiji ambapo Dar inakwisha na Pwani inaanza, Mapinga, Kerege, Zinga. Kwenye gari alikuwa ameweka nyimbo za mwaka ule, zote, ameziandaa kwenye flashi. Mimi nilikuwa naangalia mananasi yanayouzwa kando ya barabara na kufikiria Speed.

Mnaikumbuka Speed ya 1994? Basi limetegwa bomu. Mwendo ukishuka chini ya maili 50 kwa saa, kama kilomita 80 hivi, linalipuka. Sisi wa Barabara ya Bagamoyo tuliipenda kwa sababu zetu, na kuna madereva wa njia hii ambao nadhani bado wanaamini bomu liko chini ya kiti. Mwaka 1997 ikaja ya pili. Keanu Reeves akakataa kurudi, na hadithi ikahamishiwa kwenye meli ya kitalii. Meli, jamani! Uzuri wote wa ile ya kwanza ulikuwa kwenye basi la kawaida lenye abiria wa kawaida waliokuwa wanakwenda zao kazini. Watengenezaji waliamini kilichotupendeza ni mwendo na milipuko.

Hoteli imepakwa rangi mpya. Chumba kilikuwa kile kile, namba ile ile mlangoni, ila kitanda kimegeuziwa upande wa pili, basi hata bahari uliiona ukiwa umelala vibaya. Jioni tukaagiza pweza. Sasa, mwaka 2014 umeme ulikatika tukiwa katikati ya chakula, jenereta ikagoma, mhudumu akaleta kibatari, na kwa mwanga ule tulicheka mpaka mbavu zikauma. Sikumbuki hata tulicheka nini. Safari hii tulikula dakika kumi, kimya kimya, kisha akamwita mhudumu, akamnong'oneza kitu. Taa za upande wetu zikazimwa. Mshumaa ukaletwa.

"Unakumbuka?" akaniuliza.

Nilikumbuka, ndiyo. Ila mara ile umeme ulikatika wenyewe.

Niliukodolea macho ule mshumaa, kichwani ananijia Eddie Murphy. Coming to America ya 1988 ni filamu ambayo familia yetu inaijua kwa moyo: mwana wa mfalme wa Zamunda anakwenda Queens, New York, kutafuta mke atakayempenda yeye na siyo taji lake, na anaishia kupiga deki kwenye mgahawa wa baga. Raha yake nzima ni kwamba hajui kitu. Hajui ndoo, hajui mopu, hajui kutongoza, na anafurahia kila kitu, hata matusi ya majirani. Miaka 33 baadaye, Machi 2021, ikatoka Coming 2 America. Mimi na dada yangu tulinunua bando kwa ajili yake, tukapika bisi, tukakaa. Wazee wa kinyozi wamo, wale wale. Mtumishi Semmi yumo. Mfalme mzee yumo. Mgahawa umo, safari hii umefunguliwa Zamunda kwenyewe. Akeem anakwenda Queens tena, kumfuata mtoto wa kiume ambaye hakujua kuwa anaye.

Nilicheka mara nne, na mara tatu kati ya hizo nilicheka kwa kukumbuka. Kuna kicheko cha kuchekeshwa na kuna kicheko cha kukumbuka ulivyochekeshwa. Cha pili kinatoka puani. Ubaya wake ni kwamba Akeem wa pili anajua kila kitu. Ni mtu mzima, ana mabinti watatu, ana ufalme wa kuulinda, na filamu inamlazimisha arudi kusimama pale pale alipokuwa mshamba, ili sisi tupate kile kicheko chetu cha zamani. Hapo nadhani ndipo penye kidonda. Ya kwanza ilitengenezwa na watu waliokuwa na hadithi ya kusimulia. Ya pili ilitengenezwa na watu waliokuwa na kumbukumbu zetu mkononi, wakaamua kutuuzia wenyewe.

Mshumaa ulizimwa na upepo wa bahari kabla pweza hajaisha. Hakuna aliyeuwasha.

Mwisho wa hadithi kwa bei ya hadithi mpya

Jumapili asubuhi nilimwacha bado amelala nikaenda kumsalimia shangazi. Njiani nikakutana na mwenye kibanda chetu cha zamani, ndevu nyeupe sasa, amekaa kwenye duka dogo la vocha na chaja za simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wewe si yule mliokuwa mnachungulia kwenye tundu la bati mkikosa hela?"

Ni mimi. Nilimweleza ninachoandika, akacheka mpaka akakohoa. "Mnalalamika nini? Pati 2 ndiyo iliyonisomeshea watoto. Pati 1 naonyesha kwa bei ya kawaida, inakatika pale pabaya, mtu hajui kama dada kafa au kazimia. Usiku hapati usingizi. Kesho naongeza bei, na anakuja na mke."

Hapa inabidi niwaeleze wadogo zetu ambao wamekuta filamu ziko kwenye simu. Mwaka 2003 ilitoka Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson, ndani yake yumo TID na Monalisa, na mlango ukafunguka. Kabla ya hapo tulikuwa na maigizo ya ITV, hasa ya Kaole Sanaa Group, wenye jina lile lile la magofu yetu ya hapa. Kaole ndiko walikopitia Steven Kanumba, Vincent Kigosi tunayemwita Ray, na Blandina Chagula, Johari. Walipohamia kwenye kanda za kuuza, mfano waliokuwa nao mbele yao ulikuwa wa Nigeria. Kule Living in Bondage ilitoka kwenye kanda mwaka 1992, mwaka uliofuata ikatoka sehemu ya pili, na biashara ikajifunza somo lake.

Somo lenyewe lilikuwa hili. Unapiga picha hadithi moja, kwa waigizaji wale wale, nyumba ile ile ya kuazima Mbezi Beach, kisha unaikata katikati kama mkate. Diski moja Pati 1, diski nyingine Pati 2. Gharama mara moja, mauzo mara mbili. Na kwa kuwa hadithi ya saa moja na nusu haitoshi kujaza diski mbili, ikabidi ivutwe. Ndiyo maana tunalo lile geti. Kila Mtanzania wa rika langu analijua lile geti: gari linapiga honi, mlinzi anatoka taratibu, anafungua upande mmoja, anafungua wa pili, gari linaingia, linageuzwa, linaegeshwa, stelingi anashuka, anafunga mlango, anakumbuka miwani, anarudi, muziki unaendelea tu. Dakika nne, na hakuna aliyesema neno.

Kwa hiyo kusema Pati 2 za Bongo zilituangusha siyo kuzitendea haki sana, kwa sababu hazikuwa mwendelezo. Zilikuwa mateka. Tuliuziwa mwisho wa hadithi kwa bei ya hadithi mpya. Nikiwa kidato cha nne bwenini kwetu ilizunguka Pati 1 ya filamu moja ya mapenzi na ushirikina, Pati 2 haikuonekana kamwe, na mpaka leo kuna kundi la wanawake wenye kazi zao na watoto wao ambao hawajui yule mama mkwe alizikwa na nani.

Pamoja na yote tulinunua, na nitawaambia kwa nini: kwa sababu walikuwa wa kwetu. Walisema "nakuapia" kama sisi, walilia kama shangazi zetu. Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28 tu, watu walijaa Leaders Club pale Kinondoni mpaka pakawa hapatoshi. Tangu siku hiyo kila mwaka husikosi mtu anasema Bongo Movie ya sasa ni Pati 2 isiyo na stelingi. Siyo haki kwa waliobaki. Wizi wa kazi ulikuwepo tayari, diski zilikuwa zinaelekea kufa, na filamu zikahamia kwenye ving'amuzi na simu. Lakini mtu aliyefiwa hapimi kwa mizani.

Mzee aliniuliza kama nimeolewa. Nikamwambia ni habari ndefu. "Pati ngapi?" akaniuliza. Mzee huyu!

Hesabu ya mjomba

Nilirudi kwa njia ya soko la samaki, na pale nikamkumbuka marehemu mjomba, aliyekuwa mvuvi. Siku moja, mimi nikiwa darasa la tano, walirudi na nguru wengi mpaka mashua ilikuwa inakaribia kuingiza maji. Mtaa mzima ulikula. Kesho yake mashua kadhaa zilikwenda pale pale mwambani, saa zile zile, chambo kile kile, zikarudi na samaki wa kawaida. Ukaanza mnong'ono, mara husuda, mara mwamba umekasirika. Mjomba akasema, jana ndiyo ilikuwa ajabu. Leo ni leo tu.

Kwenye sinema ni hivyo hivyo, na hii ndiyo sababu moja isiyo na ubaya wa mtu yeyote. Hakuna anayehangaika kuifanyia sehemu ya pili filamu iliyododa. Zinazochaguliwa ni zile zilizorudi na nguru: mwongozaji alikuwa na siku yake, waigizaji waliivana, muziki ulikaa, na watu walikuwa na njaa ya kitu kama kile bila wenyewe kujua. Sehemu ya hayo ni kipaji na sehemu ni bahati, na bahati haisaini mkataba wa mara ya pili. Hata wakirudi wote na kujituma vile vile, cha pili kinaelekea kuwa cha kawaida, na cha kawaida kikiwekwa pembeni ya cha ajabu kinaonekana kibaya. Filamu mbaya ya kwanza tunaisahau. Filamu ya kawaida ya pili tunaitukana miaka.

Tena kuna vitu ambavyo kwa asili havirudiwi. Jaws ya 1975, ile ya papa, ilitisha kwa sababu papa mwenyewe haonekani muda mrefu. Yule wa bandia alikuwa anaharibika kila mara, Steven Spielberg akalazimika kuonyesha maji tu. Ukishamwona papa huwezi tena kutomwona. Mpaka kufikia ya nne, mwaka 1987, papa anaifuata familia moja hadi visiwa vya Bahamas kulipiza kisasi, kana kwamba alikuwa na anwani. Sisi watu wa pwani tunaomla papa mkavu na ugali hatukuweza kumwogopa huyo.

Kaole

Mwenzangu aliamka, tukaenda Kaole kama ratiba ilivyosema. Alitaka nisimame pale pale kwenye mbuyu nipigwe picha ile ile. Ya zamani alikuwa nayo kwenye simu, ameilinda miaka yote, analinganisha mkono ulikuwa wapi. Nilisimama. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimenenepa na yeye ana mvi, na ule mbuyu tu ndio haukuwa na habari.

Nikawa namwambia, ili kuvunja ukimya, kwamba Bagamoyo yenyewe ni Pati 2. Kaole ilikuwa mji wa biashara karne nyingi nyuma, na misikiti yake na makaburi yake ya nguzo. Baadaye ukafifia, mikoko ikala bandari, na kilomita chache kaskazini ukaja kukua mji mwingine, ambao karne ya 19 ndio uliokuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji. Wajerumani wakaufanya makao makuu yao mpaka 1891 walipohamia Dar es Salaam. Hakuna anayesema Bagamoyo iliiangusha Kaole. Haikujaribu kuwa Kaole.

Na hapo, nikiwa nimeegemea ukuta wa matumbawe, ndipo makala hii iliponikalia sawa. Zile sehemu za pili ninazozipenda, zote zina swali lao. Osuofia in London ya 2003 inamchukua mshamba wa kijijini hadi Uingereza kufuata urithi. Ya 2004 haimrudishi London, inamleta nyumbani na mwanamke wa Kizungu, na sasa mgeni ni yule mama. Josiah Kibira, Mtanzania wa Minnesota, alitoa Bongoland mwaka 2003, kijana wetu anahangaika Marekani. Mwaka 2008 akatoa Bongoland II, na kijana amerudi Tanzania. Ya kwanza iliuliza kama ughaibuni kuna maisha. Ya pili inauliza kama nyumbani bado ni nyumbani, na wote waliowahi kurudi wanajua hilo ni swali gumu zaidi. Arnold Schwarzenegger aliyekuja kuua mwaka 1984, mwaka 1991 anatumwa kulinda. Ile Living in Bondage nayo ilirudi 2019, ikiongozwa na Ramsey Nouah, huyu huyu aliyecheza na Kanumba kwenye Devil Kingdom, na haikumfuata tena Andy na utajiri wake wa damu. Ilimfuata mwanawe, ambaye hakuchagua dhambi ya baba. Black Panther ilifiwa na Chadwick Boseman Agosti 2020, na waliotengeneza ya pili ya 2022 hawakutafuta mtu wa kuvaa sura yake. Waliufanya msiba wenyewe kuwa hadithi.

Wale wa Willy Gamba wa marehemu Musiba ni habari nyingine, najua mtaniandikia. Gamba kila kitabu ana kesi mpya. Hapo hakuna cha kwanza wala cha pili. Na tamthilia kama Siri ya Mtungi, iliyopigwa picha hapa hapa Bagamoyo na kuanza kuonyeshwa Desemba 2012, ilizaliwa ikijua itaendelea. Ninaowasema mimi ni wale walioandika "mwisho", wakazima taa, kisha wakarudi.

Mwenzangu alikuwa bado anahangaika na ile picha. Nikamwambia weka simu chini, nikuulize kitu ambacho 2014 hakikuwepo. Nikamuuliza kwa nini mwaka 2019 aliniambia anahamia Mwanza akiwa kwenye basi, wameshapita Singida.

Alikaa kwenye jiwe. Akasema alikuwa ameachishwa kazi miezi minne kabla. Miezi minne alikuwa anavaa tai kila asubuhi mbele yangu, ananiaga, anapanda daladala, anakwenda kukaa maktaba mpaka saa 10 jioni. Mchana alikuwa anakunywa maji. Alipopata ile kazi ya Mwanza aliona akinieleza kuondoka itabidi aeleze na yale mengine, basi akapanda basi kwanza.

Nilikasirika upya, kwa kosa ambalo nilikuwa sijui kama lipo. Nilikumbuka nilivyokuwa nampigia pasi yale mashati. Nililia kidogo, yeye pia, watalii wawili wakageuza njia. Hatukupiga picha. Kurudi Dar hakuweka zile nyimbo, na kuanzia Kerege mpaka Bunju tulizungumza habari za mama yake, ambaye mwaka 2014 alikuwa hai.

Jumatatu akanitumia ujumbe: wikiendi ijayo tena, chumba kile kile?

Nikamjibu Bagamoyo hapana. Aje kwangu Jumamosi, bomba la sinki la jikoni linavuja. Na tai asivae.

Akajibu kwa kuuliza spana namba ngapi.